Kutoka Walukuba hadi Ziwani kwa Saa Mbili

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, masheikh na wachungaji mliofika, walimu wenzangu, wazazi, wazee wa rika langu, na ninyi watoto mlioketi kwenye mikeka pale mbele: Assalamu alaikum, na kwa wale tunaosalimiana kwa namna nyingine, hamjambo nyote. Kodheyo.

Walioandaa mkutano huu wa leo, tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, waliniomba nizungumzie nafasi ya wazee katika malezi ya watoto, nao wakanipa dakika ishirini. Somo hilo ni pana mno kwa dakika ishirini, na wengi wenu mmekwisha kusikia hotuba za aina hiyo, ambazo kwa kawaida huanza kwa kuilaumu simu na kumalizikia kwa kuwalaumu wazazi. Kwa ruhusa yenu nimelipunguza mpaka likabaki jambo moja ambalo ninalijua kwa miguu yangu mwenyewe, nalo ni matembezi ninayoyafanya na mjukuu wangu karibu kila siku baada ya sala ya alasiri, kutoka nyumbani kwetu hapa Walukuba, Jinja, kuteremka hadi ufukweni Masese, kando ya ziwa Viktoria, na kurudi.

Njia hiyo haizidi kilomita moja na nusu. Mama yake mtoto, ambaye ni binti yangu, akienda huko kununua samaki hutumia dakika arobaini kwenda na kurudi, na hapo amekwisha kupatana bei. Mimi na mjukuu wangu, mwenye umri wa miaka mitano, tunahitaji saa mbili, na zipo siku ambazo saa mbili hizo humalizika kabla hatujauona ufukwe wenyewe. Binti yangu alikuwa akituuliza kila tuliporudi, "Mama, mlikuwa wapi muda wote huo?" nami nilikuwa nikitafuta udhuru, nikisema tumekutana na fulani, au jua lilikuwa kali tukapumzika kivulini. Siku hizi sitafuti udhuru. Namjibu kwamba tulikuwa njiani, na jibu hilo ndilo ninalotaka kulitetea mbele yenu: kwamba mzee na mtoto wakiingia njiani bila shughuli ya kuwaharakisha, na mtoto ndiye akapanga mwendo, wote wawili hurudi nyumbani na kitu ambacho hawangekipata kwa kuketi pamoja sebuleni wala kwa kutumwa dukani.

Najua kwamba kwetu kutembea bila shughuli kuna jina baya. Mtu anayeonekana barabarani hana kapu, hana jembe, hana jerikeni, huulizwa anakwenda wapi, na akijibu kwamba anatembea tu, watu humwonea shaka au huruma. Lugha yetu wenyewe inalo neno kuzurura, ambalo sijapata kumsikia mzazi akilitamka huku anatabasamu. Mtoto naye tunamzoeza kutumwa tangu anapoweza kushika kikombe bila kukimwaga: lete, peleka, kimbia, urudi kabla mate haya hayajakauka. Sisemi kwamba kumtuma mtoto ni vibaya. Nililelewa kwa kutumwa, nikawalea wanangu kwa kuwatuma, na mjukuu wangu ninamtuma. Lakini mtoto aliyetumwa huiona njia kuwa kitu kinachomchelewesha asifike kwenye sifa atakazopewa akirudi, na ndiyo maana anaweza kupita mahali pamoja kila siku kwa miaka mitatu asijue kwamba hapo pana mti.

Mimi mwenyewe niliianza desturi hii kwa kujituma. Nilipostaafu ualimu, baada ya miaka thelathini na minne katika shule za msingi, daktari alinishauri nitembee kila siku kwa sababu ya sukari na ya magoti haya mnayoyaona, nikaona haya kutoka mikono mitupu. Nikajitungia shughuli. Nilimshika mjukuu mkono, wakati huo akiwa na miaka mitatu na ushei, tukawa tunakwenda kununua kibiriti. Tulinunua kibiriti siku baada ya siku mpaka binti yangu akauliza kama tuna nia ya kufungua duka la jumla. Kisha siku moja tukalikuta duka limefungwa kwa sababu ya msiba, nami nikageuka nirudi nyumbani, kwa kuwa niliona safari imeharibika. Mtoto hakugeuka. Alibaki amesimama palepale, akaniuliza, "Jaja, kwani na njia imefungwa?"

Sikuwa na jibu, maana njia haikuwa imefungwa. Tukaendelea, tukafika ziwani kwa mara ya kwanza, na kibiriti sijakinunua tena kwa namna ile.

Niruhusuni sasa niwapitishe kwenye njia hiyo, ingawa wengi wenu mnaipita kila siku. Nyumba yetu ni mojawapo ya zile nyumba za zamani za mtaa huu, zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wakati Jinja ilipokuwa ikigeuzwa kuwa mji wa viwanda, pale bwawa la Owen Falls lilipojengwa na kufunguliwa mwaka 1954, na baada yake vikaja viwanda vya nguo na mtambo wa kuyeyushia shaba iliyoletwa kwa reli kutoka Kilembe. Watu walihamia hapa kutoka kila upande wa nchi na hata nje yake, kila mmoja na lugha ya mamaye, na Kiswahili kikawa ndicho cha kuombea chumvi kwa jirani. Ndiyo sababu hatua zetu mia za kwanza huchukua muda mrefu kuliko inavyostahili, kwa kuwa kila mlango una mtu wa kusalimiwa, na mjukuu wangu huchagua mwenyewe salamu ya kila mlango: kwa huyu "Kodheyo", kwa yule "Osiibye otya", kwa mwingine "Habari ya saa hizi". Hajawahi kufundishwa ni nani wa kusalimiwa kwa lugha gani. Aliwasikiliza watu wenyewe, kidogo kidogo, wakati mimi nilipokuwa nikipumzisha goti.

Baada ya hapo tunamfikia fundi baiskeli chini ya mwembe. Hapo ndipo matembezi yetu mengi hukwama, na zamani nilikuwa nikimvuta mtoto mkono tuendelee, mpaka nilipoangalia alichokuwa akikiangalia. Fundi huitoa mipira ya ndani ya gurudumu, akaijaza upepo, akaizamisha kipande kwa kipande katika beseni la maji, na mahali penye tundu hutoka povu, punje moja baada ya nyingine. Mtoto huchutama mkabala na beseni, asipepese jicho, mpaka povu litokee, kisha hupiga kelele kama mtu aliyeona mwezi wa Idi. Nilifundisha somo la hewa kwa miaka thelathini na minne kwa kuchora puto ubaoni. Sikumbuki kuona uso kama ule darasani hata mara moja, na siku ya kwanza nilipoutambua ukweli huo nilihisi uchungu kidogo, sitawaficha. Sasa fundi humpa chaki aweke alama penye tundu. Kazi hiyo ameitimiza kwa uaminifu mkubwa, isipokuwa siku moja alipoweka alama pia kwenye beseni, kwenye mwembe, na kwenye suruali ya fundi.

Mbele kidogo kuna jalala, nami najua hakuna anayepeleka wageni kwenye jalala, lakini mtoto hana wageni wa kuwapendeza. Pale huketi akina kaloli, wale korongo wakubwa wenye vipara na mfuko unaoning'inia shingoni, ambao wakisimama wima huweza kufikia kimo cha mita 1.5, yaani wanamtazama mjukuu wangu kutoka juu. Aliniuliza kwa nini miguu yao ni myeupe ilhali ngozi yao inaonekana nyeusi. Nilikuwa nikijua jibu na nikasitasita kulitoa, lakini kwa kuwa masheikh na wachungaji ni watu wazima nitalisema: kaloli hujinyea miguuni makusudi, ili unyevu ule unapokauka umpunguzie joto. Mtoto alifikiri kwa muda mrefu, tukawa tumekwisha kuliacha jalala nyuma, ndipo aliposema kwamba yeye angependelea kuoga.

Kisha njia inateremka, upepo wa ziwa unaanza kusikika usoni, na harufu ya mukene inatupokea kabla ya mukene wenyewe. Mnawajua, wale dagaa wadogo wanaoanikwa juani wakang'aa kama senti mpya. Kina mama wanaowaanika wamempa mjukuu wangu wadhifa wa kuwafukuza yangeyange na kunguru, na hapo mimi hupata gogo la kuketi. Juu ya gogo hilo kuna mti ambao minana wamening'iniza viota vyao matawini, nao wameshatupotezea jioni nyingi, kwa maana mnana dume ndiye anayesuka kiota, naye jike huja kukikagua, na asipokipenda huenda zake, na dume, baada ya kungoja wengine bila mafanikio, hukibomoa mwenyewe na kusuka kingine. Mtoto anaijua idadi ya viota vilivyobomolewa kuliko anavyojua idadi ya vidole vyake.

Ni kwenye gogo hilo aliponiuliza swali ambalo limenifanya nikubali kusimama hapa leo. Alikuwa anatazama gugumaji lililokuwa likielea polepole kuelekea upande mmoja, akauliza, "Jaja, maji haya yatalala wapi leo?"

Nikamwambia kwamba leo pengine yatalala hapahapa, lakini yapo yanayoondoka kila siku na kuingia mto Kiira, ambao wageni huuita Nile, na yanapita juu ya mawe ambayo sasa hayaonekani. Mji wetu ulipata jina lake kutokana na mawe hayo. Mzungu Speke alipoyafikia mwaka 1862 aliyapa maporomoko yale jina la Ripon, na lilipokamilika bwawa, maji yalipanda yakayafunika. Mama yangu alinisimulia kwamba yeye alipokuwa msichana, usiku ukitulia, mngurumo wa maporomoko ulisikika ukiwa kitandani. Mimi sikupata kuusikia, kwa kuwa nilizaliwa maji yakiwa yamekwisha kunyamaza. Mjukuu wangu alinyamaza naye, akaegemeza sikio upande wa mtoni. Hakusikia kitu, wala mimi sikusikia, lakini tulisikiliza kwa muda mzuri.

Halafu akauliza, "Baada ya hapo yanalala wapi?" Nikaendelea: yanapita ziwa Kyoga, yanapita maporomoko ya Murchison, yanaingia Sudan Kusini, halafu Sudan, halafu Misri, maelfu ya kilomita, mpaka yanaingia baharini. Nikamwambia kwamba sisi Wanubi tulikuja tukiyapa maji hayo kisogo. Babu zetu walikuwa askari wa Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta huko kaskazini, na mwaka 1891 Mwingereza Kapteni Lugard aliwachukua kutoka kando ya ziwa Albert akawaleta upande huu kuwa askari wake, pamoja na wake zao na watoto wao. Kumbe maji ya ziwa hili huenda kila siku kule sisi tulikotoka. Nina umri wa miaka sitini na saba, historia hiyo naijua tangu utotoni, na sikuwahi kuiunganisha na maji haya mpaka mtoto aliponiuliza yanalala wapi. Mtafahamu basi kwa nini sikubali mtu anaposema kwamba katika matembezi hayo mimi ndiye mwalimu na yeye ndiye mwanafunzi.

Kwa kweli ualimu wangu ulikaribia kuyaharibu matembezi yenyewe. Katika miezi ya mwanzo nilikuwa nikimfanyia mtihani njiani. Huu ni mti gani? Hii ni rangi gani? Hesabu hatua mpaka ishirini. Alijibu vizuri, nami nilijipongeza, lakini nikaanza kuona kwamba akinyoosha kidole kuonyesha kitu huniangalia kwanza usoni, kana kwamba anauliza kama kitu hicho kipo kwenye silabasi. Siku moja alikataa kutoka. Alisema miguu yake imechoka, na nusu saa baadaye nikamwona anakimbizana na watoto wa jirani. Nililala nikiwaza. Kesho yake nilimwahidi kwamba sitauliza swali lolote mpaka turudi, na nilipojisahau akanikumbusha kwa ukali. Tangu hapo maswali ni yake, majibu ni yangu pale ninapoyajua, na pale nisipoyajua nasema sijui, tukaenda kumwuliza fundi au mvuvi. Nawashauri walimu wastaafu wenzangu wajaribu kusema "sijui" mbele ya mtoto mara tatu kwa wiki. Magoti huuma kidogo, lakini huzoea.

Kuhusu lugha, kwa kuwa ni siku yake, nitasema machache. Kiswahili kilitajwa katika katiba yetu ya Uganda kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Nimeyafurahia yote mawili. Lakini mjukuu wangu hakupata neno kiraka kutoka katika katiba. Alilipata kwa fundi, pamoja na neno pancha, neno chubuka na neno upepo likiwa na maana ambayo haimo katika upepo wa ziwani. Kipara alikipata kwa kaloli. Wimbi, gamba, nyavu na kokoro amepewa na wavuvi, ambao pia wamempa maneno mawili matatu ambayo nimemwomba ayaache ufukweni. Neno linalopatikana mahali penyewe, kitu kikiwa mbele ya macho na mwenye kitu akiwa karibu, halihitaji kurudiwa mara kumi ubaoni.

Daktari wangu angependa pia niseme habari ya afya. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima, sisi wa miaka 65 na zaidi tukiwemo, tupate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate angalau dakika 60 kwa siku. Sitawadanganya kwamba kuketi kwenye gogo na kutazama minana kunahesabiwa. Lakini kutoka Masese kurudi Walukuba ni mpando, na mtoto ambaye ametalii saa nzima hupenda kuupanda mpando huo kwa mashindano, kwa hiyo mapigo ya moyo wangu hupata haki yao. Wakati wa kuteremka ndipo ninapoona jambo ambalo lilinishangaza zaidi, nalo ni kwamba mwendo wetu ni mmoja. Binti yangu akitembea na mtoto, mtoto hukimbia. Akitembea nami, mimi ndiye ninayebaki nyuma nikihema. Watu wa umri wa katikati wana mwendo wa kazi, na ni haki yao, kwa kuwa wao ndio wanaotulisha. Katika nyumba yetu ni watu wawili tu wanaoweza kwenda sambamba bila mmoja kumvumilia mwenzake, na watu hao wamepishana miaka sitini na miwili.

Sasa nigeukie lililo gumu, kwa sababu barabara zetu hazikutengenezwa kwa watu hao wawili. Njia ya miguu ikiwepo, imepangwa bidhaa. Isipokuwepo, tunatembea ukingoni baina ya mtaro na bodaboda. Kwa kuwa magari yetu hupita kushoto, sisi hutembea upande wa kulia, tukiyatazama yanayotujia, na mtoto huwa upande wa ndani, mbali na lami. Simshiki vidole, kwa sababu vidole huchopoka. Namshika kifundo cha mkono mahali tunapovuka, na tukishavuka namwachia. Vijana wa bodaboda wa stendi yetu nilizungumza nao, wengine niliwafundisha, na nikakumbusha kwamba ninazijua alama zao za hesabu. Wanapunguza mwendo. Wa stendi nyingine hawapunguzi. Mheshimiwa mwenyekiti, mifuniko miwili ya mtaro, pale kwenye kona ya kinu cha kusaga, imepotea tangu mwaka jana, na nimeona leo umekaa karibu nami kiasi cha kutoweza kusema hukusikia.

Jambo jingine la hatari ni viboko. Jioni hutoka majini kula nyasi, na hili si hadithi ya kuwatishia watoto. Uwanja wa gofu wa mji wetu ulipata sifa duniani kwa kanuni yake kwamba mpira ukiangukia ndani ya alama ya mguu wa kiboko, mchezaji ana ruhusa ya kuuokota bila kuadhibiwa. Mjukuu wangu aliipenda kanuni hiyo kiasi cha kuitumia nyumbani kila anapomwaga chai. Sisi huondoka ufukweni jua likiwa bado juu ya maji, hata kama mnana hajamaliza kazi yake.

Nimeambiwa, na nafikiri baadhi yenu mnayo hoja hiyo moyoni, kwamba matembezi haya ni anasa ya mwalimu mwenye pensheni. Ni hoja ya haki. Katika nchi hii bibi wengi, tangu miaka ya 1980 UKIMWI ulipoanza kuwachukua watoto wao, wamelea wajukuu sita au saba kwa jembe moja, na mzee anayeishi kwa kungoja zile shilingi chache za kila mwezi ambazo serikali huwapa wazee wa umri mkubwa, hana saa mbili za kutazama povu kwenye beseni. Siwezi kumwambia mtu huyo aache shamba akatembee. Ninachoweza kusema ni kwamba nimewaona kina mama hao wakienda kisimani na wajukuu wao, na yupo mmoja, jirani yangu wa zamani, ambaye aliutenga mti mmoja njiani, mfenesi, kuwa mahali ambapo hakuna kuharakisha. Maji yanaweza kungoja, kazi inaweza kungoja, na wakifika chini ya mfenesi ule huketi, mtoto mmojawapo akapewa nafasi ya kusimulia lolote alilonalo, ndipo wanyanyue jerikeni zao waendelee. Wajukuu wale sasa ni watu wazima, wawili wanaishi Kampala, na nasikia kila mmoja anayekuja kumtembelea huomba wapite chini ya mfenesi.

Mzee asiyeweza kutembea naye hajafungiwa mlango. Babu mmoja wa mtaa huu, ambaye kiharusi kilimchukua mguu mmoja, hutoka na mjukuu wake hadi langoni na kurudi, hatua kama arobaini, na wanatumia muda uleule tunaotumia sisi kwenda ziwani.

Na kwa kuwa nimewataja akina babu, niwaulize: mko wapi? Njiani nakutana na bibi wengi na wajukuu wao, lakini babu ni wawili tu, na mmoja wao hubeba gazeti kwapani ili aonekane ana shughuli. Nimelitazama gazeti hilo. Ni lilelile tangu mwezi wa Ramadhani.

Dakika zangu ishirini zimekwisha, na alasiri imekaribia. Kiota cha nne kilibomolewa juzi. Jana jioni dume alikuwa amekwisha kusuka pete ya mwanzo ya kiota cha tano, kwa majani mabichi ya mtete, na jike alikuwa ameketi tawi la pili, shingo upande, akitazama. Tuliondoka kabla hajaamua, kwa sababu ya viboko. Mjukuu wangu yule pale mlangoni, amekwisha kuvaa viatu, cha kulia mguu wa kushoto, na hii ni mara ya tatu ananionyesha upande wa ziwa. Nisameheni, wazee wangu. Asanteni sana.